Kuua Nguo

Mama mkubwa alianza kujifunza kusoma mwaka uleule masikio yake yalipoanza kumwacha. Alikuwa dobi tangu ujana wake, katika chumba ambamo mashine za kukamua nguo hunguruma kutwa, na daktari alimwambia bila kuzunguka kwamba kidogo kilichobaki nacho kitakwenda.

"Basi nisome upesi," aliniambia. "Nikiacha kuwasikia, mtaniandikia. La sivyo mtakuwa mnanijadili mbele yangu kama kitoto kichanga."

Nikampeleka kwenye darasa la watu wazima, nyuma ya zahanati. Mlangoni waliandika kwa rangi ya buluu kwamba wote wanakaribishwa. Nilimsomea karibu na sikio la kulia, lililokuwa na nafuu, naye akayapitishia kidole maneno yale taratibu, kama anayekagua mshono.

Mwalimu alikuwa dada mpole, tena alifundisha kama sote tulivyofundishwa: kwa kuimba. Ba, be, bi, bo, bu, na darasa zima linaitikia. Mama mkubwa aliitikia kwa nguvu kuliko wote, nyuma kidogo ya wenzake, macho kwenye midomo ya mwalimu.

Siku moja kila mtu aliombwa aandike ubaoni kazi anayofanya. Mama mkubwa alishika chaki akaandika polepole, mistari imenyooka kama kola ya shati: *Ninaua nguo.*

"Ndiyo maana suruali yangu haikurudi, mama," fundi viatu mmoja pale darasani alisema. "Kumbe ilishazikwa."

Darasa likaangua kicheko. Mama mkubwa naye akacheka, kwa sababu wenzake walicheka.

Mwalimu akaandika F kubwa ubaoni, akamsogelea. "Hii inasemaje, mama?"

"Hiyo haisemi kitu," alijibu. "Nilidhani ni pambo."

Hapo nikaelewa. Fa, fe, fi, fo, fu zilipoimbwa, yeye alisikia a, e, i, o, u. Kinywa chake bado kilisema *fua* vizuri kabisa, lakini neno lilimtoka zima zima, na hakujua pa kulikatia.

Baada ya darasa mwalimu alituita pembeni. Alizungumza na mimi, si na yeye.

"Wenzake wanaingia kitabu cha pili, mdogo wangu. Mimi nafundisha kwa sauti. Njia nyingine siijui, nisikudanganye."

"Amesemaje?" mama mkubwa aliuliza.

"Amesema upumzike kidogo."

Alinitazama usoni kwa muda, kisha akachukua mkoba wake.

Nyumbani nilipiga moyo konde. Nilikuwa na cheti cha chuo. Ningeshindwa kumfundisha mama yangu mkubwa herufi? Nikaweka kiganja chake mbele ya mdomo wangu, nikasema fa. Akatabasamu, akaionyesha F kwenye karatasi. Nikasema sa. Akaonyesha F. Nikasema sha, nikasema ha, na kila mara kidole kilirudi palepale, kikizidi kusita.

"Yote upepo tu, mwanangu," alisema, akafuta kiganja kwenye kanga.

Nikaacha herufi, nikaandika maneno mazima kwenye vipande vya karatasi na kuvibandika. *Pasi* juu ya pasi. *Mlango* juu ya mlango. *Kiti*, *ndoo*, *dirisha*. Hayo aliyashika kama picha, akayanakili bila kukosea, na kwa siku chache nyumba yetu ilikuwa na furaha.

Kisha sikio la kulia nalo likaziba kabisa. Asubuhi hiyo alitoka chumbani akaniona nikichezesha midomo, akaiweka mikono yake kwenye mashavu yangu ili ashike sauti kwa vidole. Alipokosa, akaanza kulia.

Nilichukua karatasi nikaandika *pole*. Nilisimama nayo katikati ya chumba, nikitazama kila kitu kilichokuwa na jina lake, nikitafuta pa kuibandika. Mwishowe nikamwonyesha hivyohivyo, nimeishika mkononi.

Aliitazama sana. Akaangalia nyuma yangu, akaangalia mezani, akaangalia chini.

"Hicho ni kitu gani?" aliuliza, kwa sauti ya juu ambayo yeye mwenyewe hakuisikia. "Kiko wapi?"