Kiapo cha Mzee Morihei

Mzee Morihei alishuka jijini Nagoya akiwa na neno moja tu kinywani: hapana. Binti yake Chizuru alitaka kuolewa na Sakuma, msimamizi wa duka lisilofungwa usiku wala mchana karibu na stesheni, na mzee, mkulima wa mpunga tangu kwa babu wa babu yake, hakutaka hata kusikia.

"Mtu anauza wali wa baridi ndani ya plastiki! Wali wa dukani haupiti koo hili. Nife kwanza!"

"Basi jioni mwambie mwenyewe, baba," Chizuru alisema, akaenda kazini na macho mekundu.

Mzee akabaki na upweke na njaa. Akaona si vibaya kwenda kumchungulia adui. Kuchungulia si kula. Lakini tumbo halina aibu. Mle dukani alianza na kuku wa kukaanga, akafuata mkate wa mayai, mwishowe akanyakua donge la wali lenye plamu ya chumvi, akaketi dirishani.

Plastiki iliyolifunika ilikuwa na namba za kuonyesha jinsi ya kuifungua: moja, mbili, tatu. Yeye afundishwe kula wali kwa namba? Akairarua katikati. Mwani mkavu uliozungushiwa donge ukabaki kwenye plastiki, wali ukamwagika mapajani, plamu ikabingirika hadi kiatuni kwa mama mmoja. Masikio yalimwaka kwa aibu.

Kijana mwenye kibandiko cha jina "Sakuma" kifuani akaja na kitambaa, akafuta, akaketi kando yake na donge jingine. Hakumtazama hata kidogo.

"Haya madude yalinitesa mwaka mzima, mzee wangu," alisema akiangalia barabarani. "Moja, unavuta hapa. Mbili, kona hii. Tatu, ile." Kisha akamsogezea. "Kumbe nimeshiba. Hebu nisaidie."

Mzee akala. Wali ulikuwa mtamu, na utamu ule ulimuudhi kupita kiasi. Akaongeza madonge mawili.

Jioni, Chizuru alipomwingiza Sakuma sebuleni, mzee alitamani ardhi impasukie. Neno moja tu la kijana, angechekwa mpaka kijijini. Wakatazamana. Sakuma akapiga magoti, akainama hadi paji la uso likagusa mkeka.

"Mzee, nimefurahi kukuona kwa mara ya kwanza."

Uso mkavu kabisa, hata tabasamu hakuna. Mzee akakohoa.

"Harusi iwe baada ya mavuno."

"Baba!" Chizuru akashika mdomo. "Mbona hata hamjaongea?"

"Tumeongea ya kutosha."