Upande wa Bawaba

Mtu wa kwanza alikatwa kichwa dakika ya tatu, na kichwa chenyewe kilikuwa tikiti maji lililovalishwa wigi. Nililiona kabisa. Shoka lilishuka, wigi likaruka huku, tikiti likapasuka kule, mbegu zikatapakaa sakafuni. Nikaguna. Nimechinja kuku wa kuuza miaka kumi na tisa, damu naijua kuliko ninavyoujua uso wangu mwenyewe, na ile haikuwa damu. Ilikuwa juisi, tena juisi iliyotiwa maji mengi.

CD ya picha hiyo niliinunua mwenyewe, kwa hiyo wa kumlaumu simtafuti mbali. Nje ya soko, hatua chache kutoka kibanda changu cha kuku, yuko muuza CD tunayemwita Asali kwa ajili ya maneno yake. Asubuhi ile alinionyesha kava: nyumba inawaka moto, mtu mrefu asiye na uso kashika shoka, mwanamke anatoa machozi ya damu. Akaniapia kwamba mteja wake mmoja aliitazama, siku tatu akawa hawezi kwenda chooni bila kusindikizwa. Bei yake haikufika bei ya yai. Rahisi ni ghali, hilo nalijua tangu nikiwa mtoto, lakini siku hiyo nilitaka kitu chochote cha kujaza chumba kelele. Nilikuwa na ugeni mzito.

Mdogo wangu, wa kunifuata mimi, alikuwa kwangu wiki ya tatu. Mkono wake wa kulia ulikuwa ndani ya plasta, vidole vitatu vimesagika. Yeye ni msusi, anakula kwa vidole hivyo. Alipofika alisema mlango wa chumbani ulifungwa na upepo. Mumewe naye alipopiga simu alisema upepo. Mimi nikauamini huo upepo, nikamchemshia supu.

Siku ya pili yake, nikimwosha nywele, akaniambia haukuwa upepo.

Nilichomjibu sitakisahau mpaka naingia kaburini. Nilimwuliza, kama haukuwa upepo, mbona jirani yako hakusikia kelele, na mnaishi ukuta kwa ukuta? Maana nilishampigia jirani huyo, akasema kwamba siku ile nyumba ilikuwa kimya. Mtu avunjwe vidole vitatu akae kimya, kwani yeye ni jiwe?

"Sikuweza kupiga kelele, dada," akasema. "Niliomba maji tu."

Nikaona ni jibu la mtu anayetunga. Nikammwagia maji ya kusuuzia, nikamwambia afumbe macho povu lisimwingie.

Niseme kweli, nilikuwa nampenda shemeji yangu. Ni seremala, na mtaa mzima humwita Fundi. Mlango wangu wa mbele aliutengeneza yeye, mbao ngumu, mzito, na hakunitoza hata senti. Mama alipozidiwa, Fundi ndiye aliyembeba mgongoni mpaka hospitali. Mtu wa namna hiyo utamdhania ubaya kweli? Mdogo wangu alishanikimbilia mara mbili kabla ya hapo, mara ya kwanza jicho limevimba, mara ya pili bega halinyanyuki. Mara zote mbili nilimshika mkono nikamrudisha mimi mwenyewe hadi mlangoni kwake. Nilimwambia ndoa ni kuvumiliana. Nikamwambia apunguze maneno, mdomo uliponza kichwa.

Na mara hii pia nilishapanga. Nilimwita Fundi aje amchukue mkewe saa tisa alasiri. Begi nilifungasha mimi, likakaa karibu na mlango. Mdogo wangu hakubisha. Aliniuliza kitu kimoja tu, kama akirudi tena mara ya nne nitamfungulia. Nikamwambia aache uchuro.

Fundi akaja na shati lililopigwa pasi, akaniamkia kwa heshima zote, akakaa kwenye kochi. Mdogo wangu akakaa kwenye kigoda kule karibu na jiko, mkono mapajani. Nikamimina chai, nikawasha televisheni, nikatia CD kwenye deki.

Jamani, ile picha. Muuaji alivaa gunia la unga kichwani, na kila akigeuka ilibidi alishike lisimdondoke. Maiti mmoja alijikuna mguu. Kivuli cha mpiga picha kilipita ukutani mara mbili, na mara ya pili kilikuwa kinakula. Watu walichomwa visu, walinyongwa, walitupwa kisimani, na kila aliyekufa nilimtambua tena baadaye akifa na shati lingine. Fundi alicheka hadi akafuta machozi, na mimi nikacheka naye. Nikaanza kumsomesha mambo ya damu. Nikamwambia damu hairuki kabla kisu hakijagusa ngozi, na ikishatoka haikai nyekundu vile, inaganda, inakuwa nyeusi. Waje kibandani kwangu siku moja tu, nikasema, nitawafundisha bure. Chumba kikachangamka. Nikajipongeza moyoni kwamba yameisha.

Ndipo muuaji akamfumania msichana mmoja mlangoni. Akaushika mkono wake, akaubana na mlango. Yule msichana alianza kupiga mayowe mlango ukiwa bado mbali, akapiga, akapiga, dakika nzima, mpaka nikatafuta rimoti nipunguze sauti.

Fundi hakucheka. Aliudhika, kama mimi nilivyoudhika kwa ile juisi.

"Uongo mtupu," akasema. "Mlango wenyewe wa maboksi. Halafu kambana upande wa kitasa. Upande wa kitasa unaumiza tu, shemeji. Vidole vinavunjika upande wa bawaba. Pale hata nguvu hutumii."

Nilikuwa bado natabasamu.

"Na hapigi kelele," akaendelea, macho kwenye televisheni. "Hawezi. Anakodoa macho, anakuangalia kama hakujui. Midomo inakuwa mieupe. Halafu anaomba maji."

Akachukua kikombe chake, akanywa chai.

Mimi nilimtazama mdogo wangu. Hakunitazama. Alikuwa ameufunika ule mkono wa plasta kwa mkono mzima, mabega yamepanda, na shingoni mshipa unampiga. Nikakumbuka povu la sabuni, nikakumbuka nilivyomwambia afumbe macho. Mara mbili nilimpeleka mimi kwa miguu yangu, na ya tatu begi liko pale nimelifunga mimi, nimelipachika na kufuli kabisa. Hasira ilinipanda, na nusu ya hasira hiyo ilikuwa juu yangu mwenyewe.

Jikoni nina visu vinne, vyote nilivinoa alfajiri. Niliviwazia, sitadanganya. Lakini niliinuka nikaelekea mlangoni, nikaufungua wazi kabisa, jua likaingia mpaka kwenye kochi.

"Shemeji," nikasema, "hebu nionyeshe huo upande."

Sauti yangu ilitoka laini hadi nikajishangaa. Fundi aliinuka kwa furaha. Mwulize mtu habari za kazi yake uone, anasahau hata alichokuja kufanya. Na kwa nini anishuku mimi? Mimi ndiye niliyekuwa wakili wake miaka yote saba ya ndoa yao. Akatoka nje, akasimama kwenye ngazi, akapapasa ule mlango alioutengeneza mwenyewe kama mtu anayempapasa ng'ombe wake. Akanionyesha nafasi iliyo kati ya mlango na fremu, pale bawaba zilipo. Mlango ukiwa wazi, akasema, nafasi hii inameza vidole vinne bila shida. Ukianza kufungwa inabana mpaka haipiti hata karatasi. Akavitia vidole vyake vinne ndani ili nione.

"Mkono wa kulia?" nikamwuliza.

"Wowote. Mfupa ni mfupa."

"Wa mdogo wangu ulikuwa wa kulia."

Aligeuka kunitazama, na nikaona anaelewa. Nilimpa muda wa kuelewa, lakini wa kutoa mkono sikumpa. Niliuegemea ule mlango kwa bega na uzito wangu wote, na mimi si mwembamba. Kilisikika kitu kikivunjika, halafu kingine. Mlio ule ninao masikioni kila siku, ndio wa kutenganisha mapaja ya kuku. Mlango ukagoma kidogo, nikarudi nyuma hatua moja, nikaupiga tena kwa nyonga.

Hakupiga kelele. Katika hilo alikuwa mkweli. Kupitia uwazi uliobaki niliuona uso wake: alikodoa macho, ananiangalia kama hajapata kuniona maishani. Midomo ilikuwa mieupe. Damu haikutoka mara moja. Ilichelewa, kisha ikaja taratibu, ikateremka kwenye ubao aliouranda mwenyewe, ikadondoka kwenye ngazi. Ndani ya nyumba yule msichana wa kwenye televisheni alikuwa bado anapiga mayowe.

Nilipoufungua mlango aliuchomoa mkono, na kwa ule wa kushoto akanipiga ngumi ya mdomo. Jino la mbele likang'oka palepale, nikalitema mkononi. Akainua mkono apige tena, lakini haukufika. Aliteleza kwa mgongo kwenye fremu, akakaa kwenye kizingiti, vidole vinne vimepinda kila kimoja na njia yake.

"Maji," akasema.

Mdogo wangu akainuka. Nilimwona akienda jikoni, nikasikia kikombe kikichota maji mtungini, na moyo ulinipasuka, maana nilijua ni mazoea. Miaka saba ukiitwa unaitika. Nilitaka kumzuia lakini mdomo wangu ulikuwa umejaa damu. Akaja na kikombe mkono wa kushoto, kimefurika, akasimama mbele ya mumewe. Fundi akanyoosha mkono wake mzima kukipokea.

Mdogo wangu akakiinua, akanywa. Alikunywa polepole, kikombe kizima, huku anamtazama, mpaka akakipindua tone la mwisho likamdondokea ulimini. Akajifuta mdomo kwa ile plasta.

"Wakikuuliza," akamwambia, "sema upepo."

Jirani yangu wa mkono wa kulia, mama mshona nguo, alitokeza kichwa dirishani akaona damu kwenye ngazi. Akauliza kuna nini. Mdogo wangu akamjibu kwamba Fundi kabanwa na mlango, upepo huo. Hakukuwa na upepo hata wa kutikisa jani, nguo kwenye kamba zilikuwa zimesimama tu. Mshona nguo alitazama nguo, akanitazama mimi nisiye na jino, akamtazama msusi mwenye plasta. Akasema yeye hakusikia kitu, alisikia mayowe ya televisheni tu. Kisha akafunga dirisha.

Fundi aliondoka kwa miguu, mkono kaufunga ndani ya lile shati la pasi. Hajarudi. Nasikia huwaambia watu ni upepo.

Kidole kimoja cha mdogo wangu hakikunjiki tena. Anasuka, lakini polepole, na wateja wengine wamemkimbia. Siwezi kusema nimelipa, maana jino langu moja halifiki bei ya mara mbili zile. Siku ile, baada ya kuosha ngazi, nilimwomba radhi nikiwa nimepiga magoti na tambara la mopu mkononi. Aliniuliza tu mbona begi lake nimelitia kufuli, na ufunguo uko wapi.

Nikautoa kifuani. Nikalifungua begi, nikaanza kutoa nguo zake moja moja, nikizirudisha kabatini.