Kisanduku Kilichojibu Peke Yake

Mwaka 2002, Kongo ikiwa bado inawaka vita, mimi Norbert niliandika programu ya kutafuta watu waliopotea. Nilikuwa na miaka hamsini na tisa na cheti cha masomo ya jioni cha mtaa wa Area 18, Lilongwe, na cheti hicho sikukificha. Kila juma Raissa, karani wa kanisa letu katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, alifungua jina moja moja, na kisanduku kidogo kiliuliza: "Bado anatafutwa?" Chini yake vitufe viwili, Ndiyo na Hapana. Majina yaliyobaki yalisomwa Jumapili katika kanisa moja la Biwi, Lilongwe, ambako wageni wa Uvira na Fizi walifikia kwanza; aliyesikia lake alisimama.

Mwezi wa tano majina yakaanza kutoweka. Nilijaribu Ndiyo: sawa. Hapana: sawa. Nikamwambia Raissa vidole vyake ndivyo vibovu.

Kisha akaja Sabine, mama yake Wilondja. Mgeni mmoja alikuwa amemweleza kwamba mwanawe alikaa Biwi Jumapili mbili, akasikiliza orodha yote, hakuitwa. Wilondja alisema, "Basi kwetu bote balikufa," akapanda basi katika kituo cha Old Town kuelekea kusini.

"Raissa, keti," nikasema. "Fanya kama siku zote."

Kisanduku kikauliza. Raissa akakifunga kwa alama ya X pembeni.

"Mbona hujibu?"

"Papa Norbert, bamama banakaa hapa karibu yangu. Mama Wilondja alinishika mkono: 'Usiseme ndiyo, utamfunga huko aliko. Usiseme hapana, utamzika.' Njo maana nafunga tu, kwa heshima."

Nikafungua maandishi ya programu. Jibu nilikuwa nimelianzisha kuwa Hapana kabla mtu hajabonyeza chochote. Aliyefunga bila kujibu aliiacha Hapana yangu humo ndani, na jina likafutika. X sikuwahi kuijaribu. Nilidhani mtu mwenye adabu akiulizwa hujibu.

Mistari miwili ilitosha: ukifunga bila kujibu, jina lisiguswe.

"Kumbe vidole vyangu vimepona, Papa?" Raissa akauliza.

Nikamwomba radhi. Kucheka sikuweza.

"Rudisha jina," Sabine akasema.

"Mama, amekwisha kwenda."

"Rudisha."

Nikaliandika. Kisanduku kikaniuliza mimi, nami nikakifunga kwa X, polepole. Jina likabaki. Jumapili likasomwa Biwi, na hakuna aliyesimama.