Mshipi wa Wangila

Nakhumicha alikuwa karani wa mapokezi katika kliniki moja ya meno mjini Eldoret, lakini ukimuuliza mwenyewe, kazi aliyoipenda ilianza akishafika nyumbani Kapsoya na kuvua viatu. Hakuna chuo kilichomfundisha kuandika programu. Alijifundisha kwa video za simu na kwa ukaidi wake. Meza ya chakula ilijaa nyaya, betri na simu mbovu alizopewa na mafundi wa mjini, hivi kwamba yeye na kaka yake Wangila walikula sahani zikiwa mapajani. Alikuwa ametengeneza kengele ya kumwita maziwa yakikaribia kufurika jikoni, na pampu ya kumwagilia sukuma wiki ambayo siku moja ilimwagilia nguo za jirani zilizokuwa zimekauka. Vyote vilikuwa vya kujifurahisha tu. Kisha Wangila akaacha kukimbia.

Wangila hakuwahi kuwa bingwa. Alikuwa akiuza vipuri vya magari, na kila asubuhi alikimbia kwa sababu asipokimbia siku yake iliharibika. Presha ya macho ilimpofusha polepole, jicho moja kisha la pili, naye akahamia kwa dadake. Hata hivyo mbio hakuziacha. Rafiki yake Lennox alikimbia naye, wameshika kamba fupi baina yao. Lakini Lennox alipata kazi Kitale. Wengine wakajitolea, wakaja mara mbili tatu, wakachoka. Hapo ndipo mbio zikakoma.

Jumapili moja baada ya ibada Nakhumicha alimkuta Wangila ameketi kando ya redio iliyozimwa.

"Sema unataka nini," akamwambia.

"Nataka kukimbia."

"Nitakutafutia mtu."

"Sitaki mtu." Wangila aligeuza uso kuelekea sauti yake. "Unajua vile kukimbia umeshikwa kunakaa? Ni kama ng'ombe anapelekwa dipu kuogeshwa dawa. Nataka kukimbia peke yangu, Naku. Hata raundi moja."

"Sawa," Nakhumicha akajibu, kabla hajajua sawa hiyo ataitoa wapi.

Alianza na njia rahisi. Aliandika programu ya simu iliyofuata ramani na kumwambia Wangila ageuke wapi. Mchungaji wao aliwaruhusu kutumia uwanja ulio nyuma ya kanisa, kwenye barabara ya Chepkoilel. Simu ilisema kwa sauti tamu kwamba njia ni nyeupe, na Wangila akatumbukia mtaroni. Ramani ilikuwa imekosea kwa hatua chache tu, lakini kwa kipofu hatua chache ndizo tofauti ya njia na shimo. Alitoka na matope hadi masikioni, anacheka. Nakhumicha hakucheka.

Wazo jingine lilimjia kazini, wagonjwa wakiwa wachache. Alikuwa amesoma kuhusu mashine za kukata nyasi zinazojiendesha zenyewe, zisizotoka nje ya ua kwa sababu kuna waya umezikwa mpakani. Umeme mdogo hupitishwa kwenye waya huo, ukienda na kurudi haraka sana, na waya huwa kama unaimba noti moja. Sikio la mtu haliisikii, lakini koili, yaani waya wa shaba uliozungushwa mara nyingi, huisikia. Je, koili hiyo akivishwa mtu?

Basi akamshonea Wangila mshipi. Kila upande wa kiuno alitia koili, na chini ya kila koili akaweka kimota kidogo cha kutetemesha, alichokitoa kwenye simu mbovu. Katikati akatia kikompyuta kidogo chenye programu ya kuamua kimota kipi kitetemeke. Wangila akienda sana kushoto, koili ya kulia ingesikia waya kwa nguvu zaidi, na kimota cha kulia kingemtetemesha: rudi huku. Akiwa katikati ya njia, mshipi ungenyamaza. Walichimba mfereji mwembamba kuzunguka uwanja mzima, katikati ya njia ambayo Wangila angepita. Nakhumicha alishika jembe na kulaza waya, naye Wangila akaja nyuma akifukia kwa miguu, akiuzoea uwanja kwa nyayo zake.

Siku ya kujaribu, alitembea kwanza. Mshipi ulimwongoza vizuri upande wa kanisa, ukamgeuza kwenye kona, na uso wake ukaanza kufunguka. Alipofika upande wa mbali akaanza kuyumba.

"Naku! Inanipiga pande zote!"

"Simama!" Nakhumicha alipiga kelele. "Simama hapo hapo!"

Alisimama. Mbele ya kifua chake, karibu kiasi cha kushikwa kwa mkono, kulikuwa na fensi ya umeme ya mfugaji wa jirani. Mwenyewe, Mzee Bethwel, alikuja mbio kutoka zizini, gambuti zikimpwaya.

"Kijana angegusa hiyo, angeruka mpaka mji wa Soy," akasema akihema.

Nakhumicha akafika mbio kando ya kaka yake. Masikio yake yalikuwa yameshika kitu. Fensi ilikuwa inalia: tik, halafu kimya, halafu tik. Akaweka kiganja juu ya mshipi. Vimota vilikuwa vinaruka kwa mwendo ule ule.

"Ni fensi yako, Mzee," akasema. "Mshipi unaisikia."

"Basi naweza zima. Ng'ombe watashangaa tu."

"Asante, lakini usizime. Mshipi ukishindwa hapa, utashindwa kila mahali. Ni shamba gani huku halina fensi?"

Wiki iliyofuata alikuwa mtu wa kuongea peke yake. Waya unaimba bila kupumua, alijiambia. Fensi inapiga kofi na kunyamaza. Mshipi ujifunze kusikiliza wimbo na kupuuza makofi. Mara ya kwanza aliibana programu kupita kiasi, ikawa kiziwi kwa vyote viwili. Akaifuta sehemu ile, akaiandika upya, safari hii ikitafuta ile noti moja tu, na kama haipo, isiguse kimota. Hakuwa na fensi nyumbani, kwa hiyo alichukua kiberiti cha gesi cha jikoni na kukibofya karibu na koili, cheche zake ziige makofi ya fensi. Tak! Kwa programu ya zamani, vimota viliruka. Akaingiza mpya. Tak! Kimya. Tak! Tak! Kimya. Alicheka hadi Wangila akaja akipapasa ukuta kuuliza kama gesi inavuja.

Jumamosi mchana walirudi uwanjani. Kwaya ilikuwa inafanya mazoezi, wakatoka nje na vitabu vyao vya nyimbo mkononi. Mzee Bethwel aliegemea kigingi upande wake wa fensi. Nakhumicha alimfunga kaka yake mshipi, akaukaza, akarudi nyuma.

Wangila alitembea. Kona ya kwanza ikapita. Upande wa mbali, fensi ililia tik, tik. Wangila hakuyumba. Aliinua magoti kidogo, mikono ikajikunja, na kufikia kona iliyofuata alikuwa anakimbia.

"Wacha aende!" Mzee Bethwel alinguruma. "Wacha huyo mtu aende!"

Wanakwaya wakashangilia. Mama mmoja alipiga vigelegele, akarudia tena. Nakhumicha alijaribu kukimbia kando yake huku amekumbatia kompyuta iliyopokea habari za mshipi, aone namba zinasemaje, lakini Wangila alikuwa ameongeza mwendo, hatua ndefu za zamani, kichwa juu, na katika nusu uwanja alimwacha mbali. Nakhumicha akasimama konani akihema, machozi yakimshuka, akicheka pia. Raundi moja aliyoiomba ilikwisha. Wangila hakusimama. Aliingia ya pili, koti la mazoezi likipepea, akiijia kona ile ambapo dada yake alikuwa amesimama bila kujua amesimama juu ya waya.

Wangila alimsikia dada yake akihema.

"Naku!" akaita bila kupunguza mwendo. "Toka njiani!"

Nakhumicha akaruka pembeni, na kaka yake akampita kwa kasi.