Shahidi wa Droni

...na anarudia tena, huyu wakili wa kampuni, ananinong'oneza kama mtu anayemfundisha mtoto sala, "Mashine ilijiendesha yenyewe, umesikia? Wewe ulikuwa unasimamia tu," nami natikisa kichwa kukubali, nimetikisa kichwa tangu saa mbili asubuhi, benchi lenyewe gumu, ukuta wa korido umepakwa rangi ya kijani chini na nyeupe juu, na mlango wa chumba cha hakimu umefungwa, wakati wowote karani atachungulia na kuniita, shahidi wa tatu wa upande wa utetezi, mimi, rubani, ingawa tangu nizaliwe sijapanda ndege, baba ndiye aliyeanza kuniita hivyo, binti yangu rubani, anamwambia kila anayemuuzia nyanya, mpaka jirani mmoja akaniuliza kwa dhati kabisa kama ningeweza kumpeleka mkewe kwao, nikamwambia ndege yangu inabeba lita thelathini za dawa ya wadudu, haibebi mke wa mtu... "Unanisikia?" Nakusikia, wakili, nasikia kila neno, lakini mbele yangu, hatua nne hivi, kwenye benchi la pili, amekaa Mama Mizinga, mfuga nyuki aliyeishtaki kampuni, na miwani yake nyeusi, mikono juu ya mapaja, binti yake amemshika kiwiko, naye hajui kwamba niko hapa, binti anajua, ananitazama kama mtu aliyekuta nyoka kwenye kapu la nguo, lakini mama hajui, anageuza uso kidogo kila viatu vinapopita, anasikiliza, miezi minane sasa anasikiliza, jicho la kulia halioni kitu, la kushoto linaona mwanga na kivuli basi, ndivyo alivyoandika daktari, niliisoma ile ripoti mara moja nikaifunika kifudifudi mezani kama vile karatasi nayo ina macho... wakili ameshafika kwenye sheria, kidole juu ya faili, anasema upande wa pili wana hoja moja tu lakini ndiyo yenye sumu, kwamba anayeleta kitu cha hatari karibu na watu kwa faida yake ndiye anayebeba madhara yake, awe amezembea, asiwe amezembea, na jana hakimu aliiandika hoja hiyo kalamu isipumue, kwa hiyo ni lazima tumwonyeshe kwamba hatari haikutoka kwetu, ilitoka kiwandani, kipimo cha upepo kilikuwa kibovu, programu ikaamua yenyewe kuendelea, "na waliotengeneza wako ng'ambo, waje wajitetee," juzi nilimuuliza, sasa mwenye kosa ni nani hasa, akacheka, akasema, "Dada yangu, mtengenezaji atasema ni mtumiaji, mtumiaji atasema ni mashine, na mashine haipandi kizimbani," akaona ni jambo la kuchekesha, nami nikacheka, Mungu anisamehe, nilicheka... kipimo hakikuwa kibovu. Kilisema kweli. Saa tatu asubuhi, alizeti usawa wa kifua, nimesimama ukingoni mwa shamba na kidhibiti kimening'inia shingoni, droni iko mstari wa kumi na moja, skrini ikageuka njano, upepo umezidi, sitisha au endelea, vitufe viwili, na kwenye redio sauti ya meneja, "Tukingoja upepo utulie tutanyunyiza mwaka kesho, wewe ni rubani au mlinzi wa mawingu?" nikabonyeza endelea, ndivyo, kidole changu hiki, na nilipomwambia wakili alifunga faili polepole, akasema hilo hujaniambia, kumbukumbu za siku ile zilifutika droni ilipopelekwa matengenezo, hakuna anayejua, na ukianza kusema umebonyeza, umeona, umefanya, kampuni nayo itasema ni wewe, wewe peke yako, leseni itakwenda, na kutoka kiti cha shahidi utahamia kizimbani, basi nikashukuru, nilishukuru kweli, mchana ule nikala nikashiba kwa mara ya kwanza baada ya wiki nzima... "Ameshafika yule rubani?" Ni yeye, Mama Mizinga, anamuuliza binti yake, sauti nyepesi, kama anayeulizia basi, na binti, "Mama, nyamaza kidogo," "Kwani napiga kelele? Mimi nina swali moja tu kwake. Hayo ya fidia wakili wetu anayajua. Mimi nataka kujua kama aliniona," kama aliniona, wakili wangu hajasikia, anapanga karatasi zake, lakini mimi nimesikia, na jibu ninalo, nimelitoa kwa meneja, kwa polisi, kwa baba, kwamba ndiyo, kwenye kamera niliona mtu akipunga mikono, na watu hupunga, kila droni inapopita watu hupunga, nilidhani ananisalimu, nimelisema mara nyingi mpaka limekuwa laini, linateleza lenyewe, na ni kweli alipunga, mikono yote miwili, pale katikati ya mizinga yake, ukungu wa dawa ukivuka mpaka wa shamba taratibu kumfuata, lakini... lakini anayesalimu hajifuniki uso kwa kitambaa cha kichwa, anayesalimu hapigi magoti, naye alipiga magoti, niliona, nilimwona akipapasa ndoo ya maji akaikosa, na kidole gumba kilikuwa juu ya kitufe cha kusitisha, kilikuwa juu yake kabisa, nikatazama mistari iliyobaki, ulikuwa mmoja, mmoja tu, nikasema moyoni nimalize huu, nikaumaliza, droni ikageuka vizuri sana kule mwisho, hata nilijisifu jinsi ilivyogeuka... "Na ukiulizwa kama uliona mtu?" anasema wakili, na mdomo wangu, bila kuniuliza, "Nilidhani ananisalimu," "Safi kabisa. Hivyohivyo," na hapo Mama Mizinga anageuza uso, si kidogo safari hii, uso mzima, miwani inanielekea mimi, "Nani huyo anayezungumza?" binti anamvuta kiwiko, wakili hainui kichwa, kila mtu kwenye korido hii ana shughuli zake, mashine haikumwona yule mama, mashine iliona upepo ikasema, aliyeona mtu ni mimi, na wakili anaweza kuutupa mzigo huu kiwandani, kiwanda kiurudishe kwa kampuni, hakimu aamue faida ilikuwa ya nani na hatari ilikuwa ya nani, na huenda wote wakabeba, wabebe, ni haki yao, lakini ule mstari mmoja hauna mwingine wa kuubeba, baba atasikia, leseni itakwenda, najua, na mlango bado umefungwa, wakili anauliza, "Kwa hiyo tumeelewana?" nami najaribu maneno kimoyomoyo, moja baada ya jingine, nilikuona mama, nilikuona ukipiga magoti, nilikuwa na nafasi ya kusimamisha, mazito, hayarudishi jicho la mtu, lakini yanatamkika.