Deraya Kongwe na Mlango Uliogoma

Meja alikuwa mwanamke wa subira, lakini subira nayo ina ukuta wake. Mwaka mzima alikuwa akipanga namna jeshi litakavyoyaaga magari yake ya deraya, yale majabali ya chuma ya kubebea askari yaliyoanza kazi yeye hajaota meno. Mpango wake ulikuwa mwepesi kueleweka: mabovu yatangulie, kikosi kimoja baada ya kingine, na madereva wafundishwe kabla magari mapya hayajafika. Kila alipoupeleka kwenye kamati, Brigedia aliyeiongoza aliupiga danadana.

"Cha kale dhahabu, Meja," alisema, akijipapasa kitambi kama anayembembeleza paka. "Mimi nimekulia ndani ya magari hayo."

"Ndiyo, Afande. Ila hii dhahabu haipandi mlima mpaka isukumwe."

Kanali wa mafunzo alicheka kwa kukohoa, maana kumcheka Brigedia waziwazi ni kujitafutia uhamisho.

Jioni ile Meja alimwaga hasira zake kwa mumewe, fundi cherehani. Mume akatoa pini mdomoni.

"Mke wangu, nguo haibani ikiwa kabatini. Mvalishe mwenyewe."

Basi Meja akaialika kamati ipande deraya, imevaa kiaskari: kofia za chuma, fulana za kuzuia risasi, mabegi mgongoni. Alimwonya fundi wa karakana asiguse kitu, wasije wakaambiwa wamefanya hila. Moyoni alijua gari litazimika kabla ya geti.

Lo! Liliwaka bila kubembelezwa. Likapanda kilima likinguruma kwa raha zake, likakata kona, likavuka dimbwi. Meja akatamani ardhi immeze. Mwaka mzima anatangaza maradhi ya bibi kizee, leo bibi kizee kaingia uwanjani anacheza!

"Enhe, Meja!" Brigedia alipaza sauti kuishinda injini. "Mgonjwa wako ndiye huyu?"

Waliporudi karakana, injini ikazimwa. Brigedia, uso umejaa ushindi, akashika mpini wa mlango wa nyuma na kuuvuta. Mpini ukamfuata.

Akautazama. Wote wakautazama.

Dereva, mwembamba kama fito, alichomoka kwenye tundu lake la mbele akakimbia kumtafuta fundi. Brigedia naye akataka kutokea tundu la juu. Kichwa kikapita, mabega yakapita, kitambi kikagoma.

"Sukuma, Kanali!"

"Nisukume wapi, Afande?"

"Usiulize!"

Papo hapo simu ikalia mfukoni mwa suruali ya Brigedia. Kanali akaiangalia kama nyoka. Meja ndiye aliyeichomoa, akaweka sauti kubwa.

"Baba watoto, uko wapi?" mkewe aliuliza.

"Nusu nje, nusu ndani!"

"Mume wangu, umelewa?"

Walimvuta kwa miguu mpaka akarudi chini, puu! Akakaa kwenye benchi, jasho linamchuruzika, pumzi juu juu. Humo ndani mlikuwa na joto la tanuri.

"Meja," alisema hatimaye, kwa sauti ya chini ambayo hakuwahi kuitumia kwenye kamati. "Moto ukishika je?"

Swali hilo Meja alikuwa na majibu yake, tena mengi. Lakini alikumbuka enzi zake za uluteni, alivyokaa kwenye benchi kama lile macho yakiwa mlangoni.

"Kitinda mimba wangu yuko kikosi cha magari haya," Brigedia akasema.

Kanali akaacha kukohoa kile kicheko chake.

Fundi alipofika alipiga nyundo, akatia mtaimbo, akaomba Mungu, mlango ukafunguka kwa kilio. Brigedia alitoka kinyumenyume, akajikung'uta.

"Mpango wako nimeupitisha," alisema. "Na habari za simu zibaki humu humu."

Hazikubaki, lakini si Meja aliyezitoa.

Wauzaji wa magari mapya walipoanza kumiminika na magari ya majaribio, suti zao na picha zao za kumetameta, wakisifia injini, Brigedia aliwakatiza kwa upole.

"Injini tutaisikia tu, mabwana. Kwanza ingieni nyote ndani ya gari lenu, tuwafungie kidogo, tuone mtatokaje."

Wakatazamana. Mmoja akaanza kulegeza tai.