Skuta Iliyoonyesha Kesho

Jumamosi saa nne asubuhi Wanza alikuwa amekalia skuta ya tatu katika yadi ya Patrobas, Mbotela, akijaribu kama nyayo zake zinafika chini. Zilifika, zote mbili, kisigino na vidole. Kwenye skuta ya kwanza alikuwa amening'inia kama nguo kambani. Ya pili ilikuwa fupi, lakini magurudumu yake yalikuwa madogo kama visahani vya chai, na Nyongesa alimwambia kwamba ikikutana na shimo la maana itaingia yote, na yeye juu yake.

Nyongesa alikuwa jirani yake kule mtaa wa Lucky Summer, fundi wa pikipiki, na alikuwa amekuja kumsaidia kuchagua. Alipiga magoti, akaminya tairi, akavuta breki mara tano, akafungua kiti kutazama nafasi iliyo chini yake.

"Auntie, hii ndio yako," alisema. "Safari yako ni ndefu. Kilomita thelathini na tano kwenda, thelathini na tano kurudi. Kaskuta kadogo, upepo wa lori unakasukuma hadi kwa mtaro. Hii ina uzito. Lori likipita itatikisika tu, haihami."

Wanza alilipenda neno hilo, haihami. Alikuwa na miaka arobaini na miwili, na mashine pekee aliyowahi kuendesha ilikuwa cherehani. Alishona kola za mashati katika kiwanda kimoja upande wa Athi River, na kwa miaka tisa basi la kiwanda lilikuwa likimchukua asubuhi na kumrudisha jioni. Mwezi wa pili basi liliondolewa. Tangazo lilisema kila mfanyakazi ajitafutie njia. Kuhama hakungewezekana. Mumewe, Ndolo, alichonga vinyago, na karakana yake ilikuwa nyuma ya nyumba waliyoachiwa na mamake.

"Kitu kimoja tu," alisema Patrobas, mwenye yadi. "Mimi simuuzii mtu kitu nikamficha. Vioo vya hiyo vinaonyesha kesho."

"Kesho gani?" Nyongesa aliuliza.

"Kesho ya hapo ulipo, saa hiyo hiyo. Lazima injini iwe inanguruma. Breki ziko sawa, injini iko sawa. Ni vioo tu."

Nyongesa aliwasha injini, akachungulia kioo cha kulia. Ndani ya kioo geti la yadi lilikuwa limefungwa kwa mnyororo na hapakuwa na mtu, kwa kuwa kesho ilikuwa Jumapili. Akageuka. Geti lilikuwa wazi, na mteja mwingine alikuwa akiingia.

"Ni kweli," alisema. "Na haitoi moshi."

Wanza akaichukua.

Alijifunza kwa wiki tatu katika uwanja wa kanisa, Nyongesa akikimbia kando yake. Ndolo alisimama kwenye kivuli, patasi ya kuchongea ikiwa bado mkononi.

"Mama Munyao, nakuogopea," alimwambia jioni moja.

"Hata mimi najiogopea," alijibu Wanza.

Woga huo haukumtoka alipoanza safari zenyewe. Aliondoka saa kumi na moja na nusu asubuhi, akiomba kwa sauti ndani ya helmeti kila alipofika makutano. Lori likimpita, skuta ilitikisika, haikuhama. Nyongesa alikuwa amesema kweli. Lakini mwili wake haukuamini, na alipofika kazini vidole vilichukua nusu saa kunyooka.

Kiwanda hakikuruhusu pikipiki za wafanyakazi kuingia ndani. Wanza aliacha skuta ng'ambo ya barabara kuu, nyuma ya kibanda cha chai, kisha akavuka kwa miguu kama wengine, mahali panapoitwa Kwa Ndoo. Hapo palikuwa na ngazi mbili za zege, moja kila upande wa barabara. Zilipanda hadi juu na kuishia hewani. Daraja lenyewe halikuwahi kuwekwa. Ulikuwa mwaka wa tatu sasa, na kunguru walizitumia. Watu walipita chini, mbio, katikati ya malori ya kokoto yaliyoteremka kutoka machimboni.

Jumanne ya wiki ya tatu ya safari hizo, jioni, Wanza alivuka, akavaa helmeti, akawasha injini na kutazama kioo. Nyuma yake watu walikuwa wakivuka. Walikuwa watu wa kesho, na kwa wiki mbili alikuwa amewazoea: kesho ilifanana sana na leo. Kisha lori jeupe likateremka bila kupunguza mwendo na kumpiga mlinzi wa lango, mzee Walter. Kioo hakikuwa na sauti. Kofia yake ilibiringika peke yake hadi ukingoni.

Wanza alizima injini. Alikanyaga chini kwa miguu yote miwili, akashukuru kwamba inafika. Alipogeuka, Walter alikuwa amevuka salama na anakunywa chai kibandani.

"Mzee Walter, nimekuona kwenye kioo. Kesho saa hii. Lori."

Walter aliweka kikombe chini. Habari za vioo alizijua. Kiwanda kizima kilizijua.

"Nilikuwa nimevaa nini?"

"Jaketi ya kijani."

"Basi ni mimi," alisema. "Ile nyingine nimeifua."

Kesho yake Walter alibaki kwake Dandora, akatuma neno kwamba tumbo linamsumbua. Saa kumi na moja na dakika kumi lori jeupe liliteremka likipiga honi, breki zikiwa zimekataa, likapita katikati ya zile ngazi mbili bila kugusa mtu. Wanza alilisikia likipita mgongoni mwake. Funguo zilimtoka mkononi, akashindwa kuziokota hadi mwenye kibanda alipomwokotea.

Ijumaa yeye na Walter waliomba ruhusa, wakaenda kwenye ofisi inayohusika na barabara ile. Karani aliwasikiliza vizuri, akawapa fomu. Wanza alijaza mahali, saa na aina ya gari. Karani alizisoma, akagonga meza kwa kalamu.

"Hapa panahitaji jina la aliyeumia."

"Hakuumia. Ni huyu hapa."

Karani alimtazama Walter. "Basi hakuna ajali. Daraja linaombwa kwa idadi ya ajali. Mkiendelea kuzizuia, mama, hii faili haitasonga."

Alisema bila ubaya, akawafungulia mlango.

Baada ya wiki mbili vioo vilimwonyesha Griffins wa kupiga pasi. Wanza akamwonya, Griffins akabaki nyumbani, lori likapita bila kumgonga mtu. Siku iliyofuata Kate, ofisa wa wafanyakazi, alimwita ofisini na kumkaribisha kiti.

"Dada Wanza, nasikia una vioo. Watu wanakosa kazi bila taarifa. Ukiona mtu, niambie jioni hiyo hiyo, nijipange."

Wanza alifurahi. Alidhani kujipanga ni kuhusu daraja, au breki za malori, au basi. Kate kweli aliandika barua kwa wakubwa, na jibu likaja kabla ya saa sita mchana: asubuhi, nafasi ya anayetarajiwa kugongwa ijazwe na kibarua kutoka langoni, ili kazi isilale.

Langoni hapakukosa watu. Kila alfajiri wanawake thelathini, arobaini walisimama hapo wakingoja kuitwa.

Jumatatu moja ya mwezi wa sita, vumbi likiwa jingi, Wanza aliwasha injini na kutazama kioo. Watu wa kesho walikuwa wakivuka. Mwanamke mmoja alibaki nyuma ya wenzake, amejitanda leso kichwani hadi usoni kwa sababu ya vumbi. Alikuwa amevaa koti la kazi la buluu, na mgongoni palikuwa na namba 114. Lori lililomjia lilikuwa jekundu.

Namba 114 ilikuwa namba ya kiti cha Wanza kiwandani.

Hakulia. Alivua koti lake hapo hapo, akaisoma namba mgongoni kama mtu anayesoma barua ya kufutwa kazi, ingawa aliijua kwa miaka tisa. Akalikunja na kulitia chini ya kiti cha skuta. Kisha akakaa mpaka mwenye kibanda akafunga, akiogopa kuondoka na akiogopa kubaki. Barabara nzima ya kurudi aliendesha polepole, na kila taa ya gari iliyomjia ilimkausha mate.

Alipofika nyumbani alimtumia Kate ujumbe: Kesho ni mimi.

Kate akajibu: Pole sana. Asante kwa kunijulisha mapema.

Siku ya pili Ndolo hakuchonga. Alifunga geti kwa kufuli, akachukua funguo za skuta na kuzifukia ndani ya gunia la makaa. Walikaa mezani, yeye upande huu, mkewe upande ule. Mchana chakula kilipoa mbele yao. Ilipokaribia saa kumi na moja Wanza alishika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili, na Ndolo akaiwekea yake juu. Saa kumi na moja na dakika kumi ikafika. Kuku wa jirani akalia. Ikapita. Ndolo alicheka kidogo, kisha akainamisha kichwa kuomba.

Saa kumi na mbili kasoro simu ikalia. Alikuwa Walter.

"Wanza, uko wapi?"

"Niko nyumbani, mzee."

"Asifiwe Mungu. Hapa wanasema ni wewe. Namba ni yako."

"Ni nani?"

"Msichana wa langoni. Lenah. Walimwita asubuhi akae mahali pako, wakampa koti jingine la namba yako kutoka stoo. Ndiyo ilikuwa siku yake ya kwanza."

Wanza aliweka simu mezani bila kuikata. Walter aliendelea kuita, "Halo? Halo?" mpaka Ndolo akaizima.

"Si kosa lako," Ndolo alisema. "Ulijiona, ukakimbia. Nani asingekimbia?"

"Sikujiona," Wanza alisema. "Niliona namba. Koti ni la kiti, Ndolo, si la mtu. Ningeenda kazini, yeye angebaki langoni."

"Au ungekuwa wewe."

"Au ningekuwa mimi."

Hilo hakuna aliyeweza kulijua. Wanza alilala na taa ikiwaka, na hata hivyo kila alipofumba macho aliona leso.

Nyongesa alifika alfajiri, bisibisi mfukoni. "Auntie, nikuwekee vioo vya kawaida. Dakika kumi tu. Hivi tuvitupe."

Wanza alipangusa vumbi la makaa kwenye funguo, akaweka mkono juu ya usukani.

"Kwani vioo ndivyo vinavyogonga watu?" aliuliza.

Nyongesa alipanguza vioo kwa kitambaa, akamwinulia geti lililokuwa likikwaruza chini.

Alipofika Kwa Ndoo barabara ilikuwa imemwagiwa mchanga mahali pamoja, na malori yalikuwa yameshaanza kuusambaza. Wanza alivuka mbio. Ng'ambo alisimama kwanza akapumua.

Langoni foleni ilikuwa ndefu kuliko siku zote. Ilikunja kona ya ukuta na kuendelea upande wa pili, kwa kuwa habari zilikuwa zimeenea kwamba kiwanda hiki siku hizi kina nafasi. Wanza alipita kando yao akitazama chini. Alijua kwamba wanamjua. Minong'ono ilitangulia mbele yake: ndiye huyo, ndiye wa skuta.

Mwanamke kijana aliyekuwa karibu na mbele alitoka kwenye foleni na kumshika mkono kwa heshima, kama anayesalimia mtu msibani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Naitwa Nafula. Jioni ukiona mtu kwenye kioo, usimwambie Kate peke yake. Nipigie na mimi, nije mapema nisimame wa kwanza."

Wanza alimtazama. Hakuwa na zaidi ya miaka ishirini na mitatu. Viatu vyake vilikuwa vya mtu mwenye miguu mikubwa kuliko yake.

"Unajua kilichompata Lenah jana?"

"Najua," Nafula alisema. "Ni dada yangu. Tumemwacha mochari, na watoto wake wako kwangu."

King'ora cha kuingia kazini kikalia. Watu walianza kusukumana. Nafula hakuuachia mkono, wala hakuukaza.

Wanza alitoa simu. Nafula akamtajia namba, tarakimu moja moja, na Wanza akaiandika, akaisoma tena kwa sauti ili asiikosee. Alipouliza kama anaweza kumpigia jioni, Nafula alisema saa yoyote ni sawa, simu yake haizimwi. Kisha akarudi mbio kwenye foleni kabla nafasi yake haijachukuliwa, na Wanza akaingia ndani kushona.